Kifaa cha kuzuia ndege kugongana: maswali ya wasafiri wa Unguja na Pemba

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa watu wanaoruka kati ya Kisauni (Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja), Chake Chake na Dar es Salaam. Mengine yana majibu marefu, mengine yanakwisha kwa sentensi mbili. Wengi huanza kwa kuuliza kama kifaa kinaharibika. Hilo limejibiwa huko chini, lakini msomaji atakayefika hapo ataona kwamba mara nyingi balaa lilitokea mashine ikiwa nzima kabisa.

Kifaa chenyewe ni kipi?

Jina lake la kazini ni TCAS, marubani hutamka "tikasi". Katika nyaraka za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kinaitwa ACAS. Ni kompyuta iliyofungwa ndani ya ndege, ikiwa na antena juu na chini ya kiwiliwili. Karibu kila sekunde hurusha mawimbi ya redio katika masafa ya megahezi 1030 kuuliza kuna nani karibu. Ndege nyingine ikiwa na transponda inayofanya kazi, yaani redio inayojibu yenyewe ikiulizwa, hujibu katika megahezi 1090. Muda ambao jibu limechukua kurudi unatoa umbali, na ndani ya jibu lenyewe mna kimo cha ndege iliyojibu.

Baada ya hapo kompyuta inapiga hesabu ya muda: kwa kasi hizi mbili, zimebaki sekunde ngapi kabla hawajafikiana? Zikibaki kati ya 20 na 48, kutegemea kimo, rubani hupewa onyo la kwanza ili aanze kutafuta kwa macho. Zikibaki kati ya 15 na 35, huja agizo: panda, shuka, au nyoosha ndege ibaki kimo hicho hicho. Sauti huzungumza Kiingereza na hurudia neno mara mbili. Agizo la kugeuka kushoto au kulia halimo kabisa, kwa sababu antena hujua umbali na kimo vizuri kuliko inavyojua upande.

Kifaa hiki hakitegemei mnara wala rada ya ardhini. Umeme ukikatika Unguja nzima, chenyewe angani kinaendelea na kazi.

Ndege mbili zinajuaje zisikwepe upande mmoja?

Unajua inavyokuwa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, mtu anakuja mbele yako, unasogea kulia naye anasogea huko huko, unarudi kushoto naye yupo, mpaka mmoja anacheka na kusimama. Angani hakuna nafasi ya kucheka. Kwa hiyo TCAS mbili zinapokutana huzungumza zenyewe kupitia transponda za aina inayoitwa Modi S. Iliyotangulia kuchagua kupanda huiarifu ya pili isipande. Zikichagua jambo moja kwa wakati mmoja, inayobadili ni ile yenye namba kubwa zaidi ya utambulisho wa transponda. Kila ndege ina namba yake, haifanani na nyingine duniani, kwa hiyo sare haiwezekani.

Mazungumzo hayo yanahitaji ndege zote mbili ziwe na TCAS kamili. Mmoja akiwa na transponda tu, mwenye TCAS atakwepa peke yake, na mwenzake hatajua kama kuna aliyemkwepa.

Ndege ndogo inayokwenda Pemba inacho?

Hili ndilo swali la msingi kwetu, na jibu lake huwashangaza wengi.

Kiwango cha ICAO kilianza tarehe 1 Januari 2003 kwa ndege za injini za tabaini zenye uzito wa juu wa kuruka unaozidi kilo 15,000 au zinazoruhusiwa kubeba abiria zaidi ya 30. Tarehe 1 Januari 2005 kikashuka hadi zaidi ya kilo 5,700 au zaidi ya abiria 19. Sasa chukua Cessna Caravan, ile ya propela moja puani ambayo msafiri wa Chake anaijua kama anavyojua daladala ya mtaani kwao. Uzito wake wa juu haufiki tani nne, na abiria ni kumi na wawili, kumi na watatu hivi. Iko nje ya kiwango hicho kwa uzito na kwa viti.

Maana yake, Caravan hailazimiki kwa kiwango hicho kuwa na TCAS kamili inayotoa maagizo. Nyingi zimefungwa kifaa cha daraja la chini yake, kinachoonyesha ndege za jirani na kutoa onyo bila kumwambia rubani la kufanya. Nyingine zina mitambo inayopokea matangazo ya ADS-B, ambapo kila ndege inatangaza mahali ilipo kwa kutumia setilaiti. Inategemea mwaka ndege ilipotengenezwa na mwenye kampuni alikuwa tayari kulipia nini.

ATR, Dash 8 Q400, Airbus A220 na Boeing zinazotua Uwanja wa Abeid Amani Karume kutoka Dar, Addis Ababa, Doha au Istanbul zote zinaangukia ndani ya sharti. Hivyo katika anga moja ya kisiwa chetu unapata ndege yenye kinga kamili na ndege yenye nusu yake, na zote zinatumia njia moja ya kurukia yenye urefu wa kilomita tatu.

Je, Caravan ni hatari basi? Sioni hivyo. Inaruka kwa kasi ndogo, mara nyingi mchana, chini ya mawingu, na rubani wake anaona nje kuliko anavyoona rubani wa ndege kubwa. Na hapa ndipo transponda ya Caravan inapokuwa na thamani kuliko watu wanavyodhani: ikiwa hai na inatuma kimo, Boeing inayoshuka itaiona na itaikwepa, hata kama Caravan yenyewe haina mashine ya kuamrisha. Ikiwa imezimwa, TCAS ya Boeing yenye thamani ya fedha nyingi haina habari kama kuna mtu mbele.

Nimewekwa kiti cha mbele pembeni ya rubani. Ninaona nini?

Kwenye Caravan ya rubani mmoja hilo hutokea sana, na mwenye bahati hiyo asiguse kitu ila atazame. Kwenye skrini yenye ramani, ndege yako iko katikati au chini kidogo. Vialmasi vyeupe vilivyo wazi ndani ni ndege za mbali zisizo na shida. Kialmasi kilichojaa rangi ni ndege iliyokaribia lakini haileti tatizo bado. Duara la manjano ni onyo. Pembeni ya alama kuna tarakimu mbili: +12 maana yake jamaa yuko futi 1,200 juu yako, -05 yuko futi 500 chini. Mshale mdogo unaoelekea juu unaonyesha anapanda, unaoelekea chini anashuka.

Ukitoka Kisauni asubuhi, wakati safari za Dar, Pemba na mbuga za bara zimelundikana, utaona vialmasi kadhaa vikitembea kwenye ramani ile, na ukiinua macho dirishani huenda usione ndege hata moja. Usishangae. Ndege ndogo iliyo kilomita kumi mbele, nyeupe juu ya wingu jeupe, jicho la mtu haliioni kirahisi, hata la rubani mzoefu. Ndiyo maana utamwona anatupia jicho kwenye skrini, halafu nje, halafu skrini tena.

Mraba mwekundu, ambao ni alama ya agizo, hutauona kwenye vifaa hivi vya onyo tu. Huo uko kwenye ndege kubwa, na huko abiria hukai mbele.

Kwa jumla kinaaminika kiasi gani?

Tathmini za usalama wa anga za Ulaya zimekuwa zikisema kwamba TCAS kamili hupunguza hatari ya kugongana kwa mara nne hadi tano. Kumbuka hiyo ni juu ya kinga zilizokuwepo tayari: njia zilizopangwa, waongoza ndege, rada, macho ya marubani. TCAS iliwekwa iwe ya mwisho, pale vyote vilivyotangulia vimeshapita.

Lakini tazama namba hiyo kwa upande wake wa pili. Kupungua mara tano bado kunaacha sehemu moja. Hesabu hizo pia huathirika sana na rubani anafanya nini anapoamriwa. Mashine inamtarajia aanze kuitikia ndani ya sekunde tano, apande au ashuke kwa futi kama 1,500 kwa dakika. Akichelewa, akitii nusunusu, faida inayeyuka. Akienda kinyume, ni afadhali isingesema kitu.

Kimewahi kushindwa?

Ndiyo, na visa vyenyewe vinafundisha kuliko takwimu. Vitatu vinatosha.

Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen kusini mwa Ujerumani, Tupolev 154 ya Urusi na Boeing 757 ya mizigo zilikuwa kimo kimoja, futi 36,000. TCAS zote mbili zilikuwa nzima na zilikubaliana vizuri: Tupolev ipande, Boeing ishuke. Mwongoza ndege wa Zurich, aliyekuwa peke yake kazini huku mfumo wake wa tahadhari ukiwa kwenye matengenezo na laini za simu zikiwa hazifanyi kazi, akaiambia Tupolev ishuke. Marubani wa Tupolev wakamsikiliza mtu, wa Boeing wakaisikiliza mashine. Zote zikashuka. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto wa shule.

Tangu hapo utaratibu wa dunia umewekwa wazi: agizo la TCAS likipingana na la mwongoza ndege, rubani afuate TCAS, kisha aseme redioni kwamba ana agizo. Mwongoza ndege akisikia hivyo ananyamaza, hampi maelekezo mengine mpaka rubani aseme hatari imepita. Programu nayo ilirekebishwa. Toleo 7.1 linaweza kugeuza agizo likiona ndege moja haitii, jambo ambalo lile la zamani halikuliweza vya kutosha, na ICAO ilitaka ndege zote zinazohusika ziwe nalo ifikapo 1 Januari 2017.

Kisa cha pili ni Brazil, tarehe 29 Septemba 2006. Boeing 737 na ndege ndogo ya kifahari aina ya Legacy zilikutana uso kwa uso juu ya msitu wa Amazon, futi 37,000. Zote zilikuwa na TCAS, hakuna iliyosema neno. Transponda ya Legacy ilikuwa imeacha kutuma bila marubani kutambua, na transponda ikinyamaza TCAS ya ndege hiyo nayo inalala. Alama iliyowaeleza hivyo ilikuwa maandishi madogo kwenye skrini. Watu wote 154 wa Boeing walikufa. Legacy, ncha ya bawa ikiwa imekatika, ilitua.

Cha tatu ni cha Afrika na hakitajwi sana. Tarehe 5 Septemba 2015, ndege ya wagonjwa iliyotoka Ouagadougou kwenda Dakar iligongana na Boeing 737 juu ya mashariki ya Senegal. Boeing ilipata jeraha la bawa na kuendelea hadi Malabo. Ile ya wagonjwa ikaendelea na safari bila mtu wa kujibu redioni, ikapita juu ya Dakar na kuangukia Bahari ya Atlantiki na watu saba. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye kipimo cha kimo cha ndege hiyo ya wagonjwa, ambacho kilikuwa na historia ya kusoma vibaya. Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa TCAS ulipo, nami naona unastahili kujulikana kuliko mwingine wowote: inaamini kimo inachoambiwa. Ndege ikisema iko futi elfu moja chini yako na hali iko usoni pako, TCAS itaona kila mtu yuko mahali pake.

Kuna kosa moja dogo la vipimo ambalo haliisumbui. Rubani akisahau kurekebisha altimita, yaani kipimo cha kimo, kwa shinikizo la hewa la siku hiyo, transponda haifuati kosa lake, kwa kuwa yenyewe hutuma kimo kilichopimwa kwa shinikizo la kawaida la hektopaskali 1013.25 kwa ndege zote. Shida iko kwenye kihisi au mabomba ya hewa yakiharibika.

Karibu na kwetu je?

Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 iliyoruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani ikiwa na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya chuo cha urubani juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwanafunzi na mwalimu wake katika Cessna walifariki. Dash 8 ilirudi Wilson salama.

Wanaofuatilia usafiri wa anga Afrika Mashariki walikishtukia kisa hiki kwa sababu mazingira yake tunayajua: uwanja wenye pilika, ndege ya abiria na ndege ndogo katika eneo moja, dakika chache baada ya kuruka. Ajali nyingi za namna hii hazitokei kwenye vimo virefu ambako ramani zinaonyesha mistari mizuri. Hutokea karibu na uwanja, ambako kila mtu anakwenda.

Kwa nini kinanyamaza karibu na ardhi?

Fikiria ndege iko futi 500 juu ya bahari, inakaribia kutua, halafu mashine inaamuru "shuka". Kwa hiyo watengenezaji waliifunga mdomo kwa hatua. Chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini haitoi agizo lolote. Inabaki na onyo tu. Ikishuka zaidi, kwenye futi 400 hadi 600, hata sauti ya onyo huzimwa ili isimpigie rubani kelele wakati wa kutua.

Washington, Marekani, tarehe 29 Januari 2025, ilionyesha gharama ya uamuzi huo. Ndege ya abiria aina ya CRJ700 ilikuwa inatua usiku, helikopta ya jeshi ikapita chini ya njia yake. TCAS ya ndege ilitoa onyo takribani sekunde 20 kabla. Agizo halikuja, kwa sababu zilikuwa chini mno. Ziligongana zikiwa hazifiki futi 400. Watu 67 walikufa. Mashine ilifanya kile ilichopangiwa kufanya.

Kati ya Unguja na Pemba nani anatutenganisha?

Kwanza waongoza ndege, ambao wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA. Viwanja vyenyewe vya Unguja na Pemba viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Watu huzichanganya mamlaka hizi mbili. TCAA imefunga rada nne za kuongozea ndege za abiria, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa jiografia, iliyo jirani nasi ni ya Dar, kilomita sabini na kitu kutoka Kisauni.

Pili kuna kanuni ya vimo, ambayo ni ya zamani na haina umeme. Anayeelekea nusu ya mashariki ya dira hutumia maelfu ya witiri, anayeelekea magharibi hutumia ya shufwa, na anayeruka kwa kuona nje anaongeza futi 500. Unguja kwenda Chake ni kaskazini-mashariki, kwa hiyo rubani atachukua mathalan futi 3,500 au 5,500. Anayerudi atachukua 4,500 au 6,500. Mwongoza ndege anaweza kumpangia kingine, lakini hiyo ndiyo desturi. Hivyo wawili wanaopishana juu ya bahari kati ya Nungwi na Mkoani wanaachana kwa futi elfu moja bila kifaa chochote kusema neno.

Inapoharibika ni wakati wa mawingu. Masika wingu likishuka, marubani wote wanaoruka kwa kuona hubanwa chini yake, na vimo vya kuchagua vinapungua. Siku hizo redio hutumika sana: "Niko maili kumi kaskazini ya uwanja, futi 1,500, naingia." Ukimsikia rubani wako anasema mambo hayo mfululizo, anawaambia wenzake alipo.

Kifaa kikiharibika, ndege inaruhusiwa kuruka?

Kwa muda, ndiyo. Kila kampuni ina orodha iliyoidhinishwa ya vitu vinavyoweza kuwa vibovu na ndege ikaruka kwa masharti. Kanuni za Ulaya kwa kawaida hutoa siku 10 kwa TCAS. Anga ya Ujerumani, kwa sababu unazoweza kuzikisia, hutoa 3. Wengine hukasirika wakisikia hivyo. Mimi naona ni sawa mradi transponda inafanya kazi, maana ndege hiyo inaendelea kuonekana na wenzake. Transponda iliyokufa ni jambo zito zaidi.

Kifaa hujipima chenyewe kikiwashwa na kikiwa kazini, na kikijiona kibovu huandika hivyo kwenye skrini. Kufa kimyakimya ni nadra. Sehemu zinazoleta usumbufu ni antena na viungo vyake, na hewa yetu ya chumvi haiwi rafiki wa waya wala kiungo chochote cha chuma. Mafundi wa visiwani wanajua kazi ya kusafisha kutu.

Kinatoa maonyo ya bure?

Kinatoa. La kawaida ni hili: ndege moja inapanda kwa kasi kwenda futi 10,000 na itasimama hapo, nyingine imetulia juu yake, kwenye kimo cha futi 11,000. Kila mmoja yuko kihalali. Lakini TCAS haijui kama rubani anakusudia kusimama. Inaona kasi ya kupanda tu, na inapiga kelele. Dawa yake ni marubani kupunguza kasi chini ya futi 1,500 kwa dakika wanapokaribia kimo chao. Hata hivyo agizo likitolewa hutiiwa, kwa sababu hakuna muda wa kujadili kama ni la kweli.

Ndege yangu ilipanda ghafla, kisha ikatulia. Ilikuwa hiyo?

Yawezekana, kama ilikuwa ndege kubwa. Mara nyingi zaidi ni hewa: joto la mchana juu ya ardhi, upepo wa kusi unapovuka kutoka baharini kuingia nchi kavu, au wingu lililokua. Agizo la TCAS likifuatwa vizuri linahisiwa kama mtu kuvuta ndege kwa uthabiti, kisha dakika moja baadaye inarudi ilipokuwa. Huko Japani, Januari 2001, Boeing 747 iliyokwepa DC-10 kwa kushuka kwa nguvu ilijeruhi watu wapatao mia moja, wengi waliokuwa hawajafunga mikanda. Kwa hiyo mkanda ubaki umefungwa hata taa ikizimwa.

Kinaona kunguru, droni, tiara, kilima?

Hapana kwa vyote. Kisicho na transponda hakionekani. Kunguru wa Unguja na tiara za watoto ni kazi ya watu wa uwanjani na macho ya rubani. Droni ni kwa kibali, na mwenye kuirusha karibu na Kisauni kwa ajili ya picha za harusi anacheza na roho za watu. Kwa ardhi na maji kuna kifaa tofauti kabisa, kinachopima kimo kutoka chini na kulinganisha na ramani ya nchi. Ajali ya ATR katika Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, iliyoua watu 19, haikuwa na uhusiano na TCAS.

Simu yangu inakivuruga?

Usiogope hilo. Zima kwa sababu umeambiwa, na kwa sababu mlio wake unaingia kwenye redio ya rubani.

Kuna kipya kinachokuja?

Kizazi kinachoitwa ACAS X, kilichobuniwa Marekani. TCAS ya sasa inafuata kanuni zilizoandikwa na watu. ACAS X inatumia majedwali makubwa yaliyokokotolewa kabla kwa uwezekano wa mambo, na inatarajiwa kupunguza maonyo ya bure. Ina matawi kwa ndege kubwa, droni na hata helikopta. Itachukua miaka mingi kuenea, na Caravan itakuwa ya mwisho kufikiwa.

Naweza kuiuliza kampuni kabla ya kukata tiketi?

Ni haki yako, ila uliza vizuri. Ukisema "mna TCAS?" karani wa dirishani atajibu "ndiyo" ili foleni isogee. Uliza ndege ni aina gani, ina rubani mmoja au wawili, na kifaa chake kinatoa maagizo au maonyo tu. Karani hatajua, mwombe ampigie mtu wa operesheni. Ukiona jambo lililokutia shaka ukiwa ndani, andika namba ya usajili inayoanza na 5H iliyo ubavuni mwa ndege, tarehe, saa na mahali mlipokuwa, upeleke TCAA. Namba hiyo ndiyo inayowawezesha kuipata ndege yenyewe kwenye rekodi za siku ile. Bila hiyo malalamiko yako yatakuwa maneno tu.